Amani ya Siku Nne

Wapendwa wasomaji, wazee kwa vijana, mliookoka na mnaoendelea kufikiria: nina heshima kubwa kuwatangazia kwamba mwezi wa Agosti mwaka wa 2004, katika mtaa wa Satellite, mimi Wangui wa Wainaina, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nilimaliza vita vilivyowashinda wachungaji wawili, mzee wa kanisa mmoja na baba yangu mzazi. Sikutumia nguvu. Nilitumia karatasi moja na kalamu ya bluu. Amani niliyoileta ilidumu siku nne, ukihesabu ile ya kwanza ambayo ilikuwa nusu.

Vita vyenyewe vilikuwa kati ya mama yangu, Virginia, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kui, kwa jina langu lililofupishwa, na Munyiva, yaani Mama Maureen, anayeishi mlango wa tatu kutoka wetu katika ploti ileile. Wote wawili ni wapishi. Si wapishi wa hoteli, bali wa harusi, matanga na sherehe za kanisa, wale wanaofika kabla ya mwenye shughuli kuamka na kuondoka wakinuka moshi. Mama ana sufuria kumi na moja, na ile kubwa inaweza kumficha mtoto wa darasa la nne. Nilishajaribu. Mama Maureen ana majiko matano ya chuma aliyochomelewa na ndugu yake, Muli, huko Kangemi. Kwa miaka sita walipika pamoja, na hakuna aliyewahi kujiuliza ni nani angekuwa nini bila mwenzake.

Tangu Baba apunguzwe kazi serikalini, ni sufuria hizo zilizotulisha. Baba naye alianza kufuga kuku nyuma ya ploti. Aliwapenda sana. Walikula kuliko walivyotaga, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa kuwa ndio watu pekee waliokuwa bado wakimsikiliza.

Mambo yaliharibikia Mutuini, Septemba ya mwaka uliotangulia, kwenye matanga ya mwanakwaya mmoja mzee. Kazi ikiisha, wapishi hushikana mikono jikoni na mmoja wao huomba sala ya kufunga. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemwona Mama Maureen akifunga vipande vya nyama kwenye karatasi ya nailoni na kuvitia mkobani. Mama akamshukuru Mungu kwa mvua iliyochelewa, akaiombea familia ya marehemu, kisha sauti yake ikapanda.

"Na Bwana, wako ndugu zetu ambao mikoba yao inarudi nyumbani mizito kuliko ilivyokuja. Wasamehe, Baba. Hawajui kwamba tumewaona."

"Amina," wanawake wakasema, wakafungua jicho mojamoja.

Mama Maureen hakuachilia mkono aliokuwa ameushika, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa wa Mama. Akaongeza sala yake. "Na mimi nakuombea dada yangu Virginia. Yale macho ulimpa, Bwana, yaangalie sufuria yake, yaache vitu za watu. Mponye leo leo. Amina."

Amina hiyo ya pili, kwa mujibu wa mashahidi, ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Wiki tatu baadaye walikuwa na harusi Kangemi. Mama akafika na sufuria, kilo sitini za nyama mbichi na watu mia tatu wa kulisha. Mama Maureen hakufika. Majiko pia hayakufika. Mama alipika juu ya mawe kwa mbao alizookota kwenye ujenzi wa jirani, na watu wakala saa kumi na moja jioni. Mjomba wa bwana harusi akachukua maikrofoni na kuwashukuru wapishi kwa kuwakumbusha Wakristo faida za kufunga. Watu walicheka sana. Mama hakuwahi kuturudia sentensi hiyo nyumbani. Tuliipata kwa majirani.

Kuanzia hapo Mama akawa anapata kazi ndogondogo akitumia majiko ya kukodi yanayovuja majivu, na Mama Maureen akawa anakaanga chapati mlangoni pake. Walipopishana bombani, kila mmoja aliangalia ndoo yake.

"Mimi nilishamsamehe huyo mwanamke," Mama alikuwa akisema. "Nangoja tu aombe."

Mlango wa tatu, rafiki yangu Maureen aliniambia, mama yake alikuwa akisema maneno hayohayo, hata na "nangoja tu." Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamesameheana kabisa kwa muda wa miezi kumi na moja, na hawakuwa wakisalimiana. Katika sala ya chakula cha jioni, tukifika ule mstari wa makosa na waliotukosea, Mama alikuwa akishikwa na kikohozi. Kilipona tukifika kwenye "amina."

* * *

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, Mzee Thuo alikuja kwetu na daftari lake. Mzee Thuo ni fundi wa nguo, na pia ni mzee wa kanisa anayesimamia upande wetu. Kila inapokaribia Jumapili ya Meza ya Bwana, yeye huzunguka nyumba kwa nyumba kugawa kadi za kukaribia Meza. Humpi pesa, humpi zawadi. Unampa chai, na yeye anakuuliza swali moja: je, una neno na mtu? Ukiwa na neno na mtu, kadi inarudi mfukoni.

Alikunywa kikombe kizima kabla ya kuuliza. Nadhani alikuwa akijipa moyo.

"Mama Kui, una neno na mtu?"

"Mimi? Hapana. Nimesamehe watu wote."

"Na Mama Maureen?"

"Huyo nilimsamehe wa kwanza."

"Mmesalimiana?"

Mama akamwongezea chai ambayo hakuwa ameomba. "Mzee, kwani kusamehe ni mdomo? Iko kwa moyo."

Mzee Thuo akafunga daftari. Nilikuwa jikoni nikiosha kikombe kimoja kwa dakika kumi, kwa hiyo nilisikia vizuri.

"Sikiza, mama. Jumapili hii tunafungua jengo jipya. Wageni mia nne. Kamati imesema mpike nyinyi wawili, kama zamani. Lakini Mchungaji anasema hawezi kula chakula cha kufungua nyumba ya Mungu kikipikwa na watu hawasalimiani. Nikikuja Jumamosi saa tisa nipate bado, hiyo kazi inaenda kwa watu wa hoteli, huko taoni. Na si hiyo tu. Ikishaenda huko, haitarudi. Nitakuwa nimesema ukweli ama nimekuficha?"

"Umesema, mzee."

"Basi nenda umwone."

"Yeye ndiye aje. Mlango ni uleule."

Mzee Thuo akashika kofia yake na kwenda mlango wa tatu. Maureen ananiambia huko alikunywa vikombe viwili na kupewa jibu lilelile, pamoja na chapati.

Baba aliingia na yai moja mkononi. "Mama Kui, kwani ni ngumu aje? Mwambie tu pole."

"Nimwambie pole kwa kunichomea jina Kangemi?"

"Basi ngoja yeye akuambie."

"Si hivyo ndivyo nafanya!"

Baba akaliangalia yai, akarudi kwa watu wake. Mama akavuta ile sufuria kubwa kutoka nyuma ya pazia, akaanza kuisugua ingawa ilikuwa safi. Aliisugua mpaka jua likatoka mlangoni. Nilijua maana yake. Kazi ya kanisa ikienda taoni, harusi za washirika zitaifuata, na matanga pia, na sufuria zetu zitabaki kuhifadhia vyakula vya kuku.

* * *

Hapa sina budi kueleza kipaji changu, ingawa unyenyekevu unanikataza. Katika shule yetu ya bweni, kila kosa huadhibiwa kwa barua ya kuomba msamaha. Ukichelewa gwaride, barua. Ukipatikana na mkate wa siagi bwenini, barua, nakala tatu. Kufikia kidato cha tatu nilikuwa nimeandika zangu kumi na saba, na za wenzangu sikumbuki ngapi, kwa malipo ya nusu mkate. Hakuna iliyowahi kukataliwa. Neno "nilikosa" ninaliweka mstari wa kwanza, kabla msomaji hajajiandaa, na baada ya hapo simlaumu mtu mwingine hata kama analaumika.

Nikajiambia: kama wote wawili wanangoja barua, shida ni posta tu.

Mwandiko wa Mama ninaujua tangu darasa la tano, kwa sababu ambazo hazihusiani na hadithi hii. Mwandiko wa Mama Maureen niliupata kwenye orodha ya viungo iliyobandikwa ndani ya kabati letu, ambayo Mama alikuwa amekataa kuitoa kwa kuwa viungo vyenyewe vilikuwa sahihi. Jumanne mchana, Mama akiwa sokoni, niliketi mezani na kuandika zote mbili.

Kwa Mama Maureen niliandika hivi, kama Mama:

"Mama Maureen, nilikosa. Nilikuita mwizi mbele ya watu ambao hawatasahau, na sikukuuliza hata mara moja ile nyama ilikuwa ya nani. Nimekuja kujua ilikuwa ya mgonjwa. Naona haya. Kama unaweza, nisamehe, tena tusiongee juu ya barua hii, kwa maana nikikuona nitashindwa kusimama."

Na kwa Mama, kama Mama Maureen:

"Mama Kui, nilikosa. Nilikuacha na nyama mbichi na watu wenye njaa, na nilijua nafanya nini. Tangu siku hiyo majiko yangu hayana baraka. Kama unaweza, nisamehe, tena tusiongee juu ya barua hii. Naona haya sana."

Huo mstari wa tusiongee, mtakubali, ulikuwa wa kitaalamu. Saa kumi nilipitisha kila moja chini ya mlango unaofaa, kisha nikaketi nje nikisoma kitabu cha Biolojia kwa umakini ambao ungewashangaza walimu wangu.

Mama alirudi, akaokota karatasi, akasoma akiwa amesimama. Akaketi. Akasoma tena. Akapenga kamasi kwa kitambaa cha kochi, jambo ambalo angenichapa nikilifanya mimi.

"Kui."

"Naam, Mama."

"Peleka hii nusu kilo ya mchele kwa kina Maureen. Sema tu nimewasalimia."

Nilikutana na Maureen katikati ya ua akija na chapati nne kwenye sahani, zimefunikwa.

"Niaje," akasema. "Mathe amelia mpaka ameunguza mbili. Nini inaendelea?"

"Roho Mtakatifu," nikasema.

* * *

Sikuwa nimewahi kuona watu wawili wakisameheana kwa wakati mmoja, na sasa naelewa kwa nini si kawaida. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyepiga magoti. Kwa hiyo kila mmoja aliamua kuwa mkubwa. Jumatano bombani Mama alimsogezea Mama Maureen ndoo yake mbele ya foleni, akiongea kwa sauti ile ya kumwongelesha mtu aliyefiwa.

"Enda mbele, mama. Usijisikie vibaya tena."

"Hapana, enda wewe," Mama Maureen akasema kwa upole mkubwa zaidi. "Mimi sina kitu kwa roho. Kabisa."

"Hata mimi sina."

"Najua. Nimeona vile umebadilika."

"Mimi nimebadilika?"

Nikapiga chafya ya nguvu. Wakaniangalia, wakaacha.

Ijumaa tulienda River Road kununua viungo na sahani za sherehe. Mama Maureen alikuwa amemshika Mama mkono akivuka barabara, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, na Mama alikubali kushikwa, akiamini kwamba anamruhusu mwenzake alipe deni la moyo. Katika duka la vyombo mwenye duka aliuliza ni nani anayechagua.

"Achague huyu," Mama akasema. "Amepitia mengi mwaka huu."

"Mimi?" Mama Maureen akacheka kidogo. "Wacha achague yeye. Ni yeye amepitia mengi. Kuomba si rahisi."

"Kuomba?"

"Kuomba."

"Ndiyo, si rahisi," Mama akasema polepole. "Ndio maana nilikuheshimu."

"Ndio maana nilikuheshimu mimi!"

Walikuwa wameanza kuangaliana. Mimi nilikuwa nimebeba sahani ishirini za bati, na kwa masikitiko makubwa ziliniponyoka. Kelele zake zilisikika mpaka ng'ambo. Nikatukanwa na mwenye duka, na Mama, na Mama Maureen, na mpita njia mmoja aliyetokwa na soda puani, na sijawahi kufurahia matusi namna hiyo.

* * *

Jumamosi saa tisa kamili Mzee Thuo aliketi kwenye kochi letu, kadi zikiwa mezani mbele yake. Mama upande huu, Mama Maureen upande ule, wote wamevaa vitambaa vya chama cha wanawake cha kanisa. Majiko matano yalikuwa tayari nje ya mlango wetu, yamepangwa kando ya sufuria. Baba alikuwa amesimama dirishani. Mimi nilikuwa nimeleta chai, nikawa natafuta sababu ya kubaki na sababu ya kuondoka.

"Nimefurahi," Mzee Thuo akasema. "Nimefurahi sana. Sasa niandike tu hapa kwa daftari. Mchungaji anataka tuandike: fulani aliomba msamaha, fulani akasamehe. Nani aliomba?"

"Yeye," wakasema wote wawili, kwa sauti moja, tamu.

Mzee Thuo akasubiri na kalamu hewani.

"Mmoja mmoja. Mama Kui, nani aliomba?"

"Si huyu. Aliniandikia barua."

"Aiya!" Mama Maureen akasema. "Virginia, mbele ya mzee? Si ni wewe uliniandikia?"

"Nikuandikie? Mimi nikuandikie nini?"

"Sasa unanikana! Nilijua. Nilijua hiyo upole ilikuwa imezidi."

"Niko na barua hapa kwa Biblia!"

"Na mimi niko nayo kwa mkoba!"

Ulikuwa mkoba uleule wa Mutuini, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Mama Maureen akaufungua bila kumwangalia mtu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama naye akatoa yake. Mzee Thuo akazichukua zote mbili, akazinyoosha juu ya meza kwa viganja, kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata. Hakuzisoma. Aliangalia kingo. Akasogeza moja karibu na nyingine, akageuza moja, akasogeza tena, mpaka meno ya ule mchaniko yakaingiana, na pale mezani petu palikuwa na karatasi moja nzima ya fulskapu yenye mistari iliyofuatana.

"Hiki ni kitambaa kimoja," akasema.

Nikaokota sinia.

"Kui," Mama akaita. "Unaenda wapi?"

"Kuangalia kuku."

"Kuku wako na baba yako. Rudi hapa."

Nikarudi. Kwa kawaida, katika hali kama hii, ninazo sentensi kumi na mbili za kuanzia. Niliangalia zile nusu mbili pale mezani, sikupata hata moja.

"Ni wewe?" Mama akauliza.

"Ni mimi."

"Zote?"

"Zote."

Nilitegemea kofi. Hakuna aliyeinuka. Mama Maureen alinyoosha mkono, akachukua barua yake kutoka mezani na kuikunja tena kwenye mikunjo yake ya zamani, akaishika mapajani.

"Kwa hivyo hukuandika wewe," akamwambia Mama. Sasa sauti yake haikuwa na upole wala ukali. "Mimi nilipeleka hii barua Kangemi, kwa mama yangu. Nikamsomea mara mbili. Akaniambia, huyo mwanamke alijua kumbe, na bado akaomba msamaha, huyo ni mtu. Na hukujua."

"Kujua nini?"

"Ile nyama, Virginia. Ilikuwa yake. Huyo mzee wa Mutuini waliimba naye kwaya miaka ishirini. Mama hangeweza kuenda kumzika, miguu imekataa. Mjane mwenyewe ndiye alikata hiyo nyama, akaniambia mpelekee Mukonyo, mwambie amekula kwa matanga kama wengine."

Mama alikuwa ameacha kikombe hewani. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa umefumba macho unaomba."

Jogoo mmoja akawika nje, na Baba, kwa mara ya kwanza maishani, akamwambia anyamaze.

Mama akaweka kikombe chini. "Nipe hiyo karatasi," akasema. Akavaa miwani. Akaanza kusoma kwa sauti anayotumia kusoma matangazo ya kanisa. "Mama Maureen, nilikosa. Nilikuita mwizi mbele ya watu ambao hawatasahau, na sikukuuliza..." Akasimama. Akavua miwani. "Wacha hii. Hii ni maneno ya mtoto, imepakwa mafuta. Munyiva, mimi nilikuona ukiweka nyama kwa mkoba, na nilifurahi. Siku hiyo yote watu walikuwa wakisifu pilau yako. Kila mtu, pilau ya Munyiva, pilau ya Munyiva. Nikaona huo mkoba nikasema, asante Yesu. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu. Ile ingine ilikuwa ya kupamba. Nisamehe."

Mama Maureen akaangalia majiko yake kupitia mlangoni.

"Siku ya harusi nilikuwa hapo," akasema.

"Wapi?"

"Kangemi. Ng'ambo ya barabara, kwa kibanda ya Muli. Nilikalia hayo majiko yangu tano nikakuangalia ukipuliza hiyo moto. Kutoka asubuhi mpaka wakakula. Nilinunua soda."

Mama akafikiria. "Soda gani?"

"Ya machungwa."

"Na ilikuwa tamu?"

"Virginia, ilikuwa tamu! Sijawahi kunywa soda kama hiyo." Na hapo uso wake ukavunjika. "Nisamehe, mama. Nilinunua ya pili."

Sijui ni nani alianza kucheka na ni nani alikuwa akilia. Walishikana mikono juu ya vikombe vya chai, kimoja kikamwagika, Mzee Thuo akaokoa daftari lake. Akaandika kwa muda, kisha akawasukumia kadi mbili. Ya tatu, yenye jina langu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nilichungulia daftari. Penye jina langu aliandika: "Bado."

"Na wewe," Mama Maureen akanigeukia. Hakuwa akicheka tena. "Nani alikuambia juu ya mama yangu?"

"Hakuna, Mama Maureen. Nilibuni. Barua ikiwa na mgonjwa, watu hulainika."

"Ulibuni."

"Ndiyo. Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe," akasema. "Lakini si leo. Leo nimekasirika, na sitaki kukudanganya. Kesho tukimaliza kupakua, utabeba chakula upeleke Kangemi kwa mama yangu, na utamwambia kwa mdomo wako ni nani aliandika hiyo kitu."

* * *

Jumapili watu mia nne walikula saa saba na robo. Nasikia pilau ilikuwa nzuri. Mama mwenyewe aliisifu mbele ya watu, mara tatu, kwa nguvu. Wakati wa Meza nilibaki kwenye benchi pamoja na watoto wadogo na mzee mmoja aliyelala.

Mukonyo, ambaye Maureen humwita Susu, yaani nyanya, anakaa chumba cha Muli, Kangemi. Nilimkuta ameketi kitandani, miguu imefunikwa kwa blanketi, dirisha limefunguliwa asikie watu wakipita. Nilimpakulia. Alikula polepole akiuliza ni nani aliyekuja, ni nani aliyehubiri, kwaya ilianza na wimbo gani. Nyama aliila mwisho. Nikamwambia lililonileta: kwamba ile barua haikuandikwa na Mama, niliiandika mimi, na habari ya mgonjwa niliibuni tu.

Hakukasirika. Akapangusa vidole, akachukua mkono wangu, akaupapasa.

"Wewe ni mtoto mdogo hivi," akasema. "Lakini nilijua. Munyiva akinisomea, nilisema, huyu mtu aliandika akilia. Mungu alikuonyesha. Ulikuwa unalia, sivyo?"

Ilikuwa njia nzuri, pana, iliyofagiliwa. Ningesema ndiyo tu. Ningerudi Satellite nikiwa nabii. Maureen alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, na yule bibi hakuachia mkono wangu.

"Hapana, Susu," nikasema. "Nilikuwa nacheka. Nikifika hapo kwa mgonjwa, nilicheka mpaka nikaweka kalamu chini."